Mwizi wa Wimbo wa Hendre

Mmoja wenu amenilaumu kwamba nimemwacha kijana wa watu amesimama mbele ya kanisa wiki nzima, mdomo wazi, tangu nilipoikatisha hadithi. Haya, samahani. Sasa anaufunga.

Gethin Lyster, mrithi wa Plas, jumba la mabwana wa kijiji, alimaliza ubeti wa mwisho, akainamisha kichwa kidogo, akarudi kukaa kwenye benchi la pembeni. Kanisa zima la Llangadwy likawa kimya. Mshumaa mmoja ulikuwa unafuka moshi karibu na mimbari na hakuna aliyethubutu kwenda kuukata utambi.

Halafu minong'ono ikaanza.

"Ule si wimbo wa Hendre?"

"Ndio wenyewe. Wote. Mpaka pale sauti inaposhuka kwa Adamu."

"Lyster? Aimbe wimbo wa Hendre? Leo Krismasi?"

"Mtazame Elis. Itazame shingo yake!"

Mererid hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amekaa benchi la nyuma yao, na shingo ya babu yake ilikuwa imeiva nyekundu kutoka kola mpaka masikioni. Kulia kwa Mzee Elis alikaa Ifan, baba yake Mererid. Kushoto alikaa Tomos, baba yake mdogo. Wanaume watatu wa shamba la Hendre, kila mmoja na suti yake nyeusi ya mwaka mara moja, na hakuna kati yao aliyekuwa na la kuimba.

Wewe uliyechelewa, kaa hapo nyuma nikunong'oneze. Hii ni Plygain, ibada ya alfajiri ya Krismasi. Hakuna ratiba wala mtu wa kuita majina. Familia inasimama, inaimba wimbo wake, inakaa. Kimya kidogo, na nyingine inasimama. Nyimbo zenyewe ni za kurithi, kama mashamba, na ni ndefu: zinaanza na Adamu bustanini na hazimwachii mtu mpaka Siku ya Hukumu. Sheria ni moja tu. Wimbo ukishaimbwa asubuhi hiyo, haurudiwi.

Familia nyingine zina nyimbo tatu au nne. Hendre walikuwa na mmoja. "Mwenye ng'ombe hana haja ya kufuga bata," Mzee Elis alizoea kusema. Na kwa kuwa wimbo wao ulikuwa mzuri kuliko yote, waliuweka wa mwisho, ili watu warudi nyumbani nao masikioni. Miaka nenda miaka rudi Elis alikaa pale mikono magotini, akiwasikiliza wenzake kwa huruma, akingoja nafasi yake ya heshima.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Asubuhi hii Gethin hakungoja.

"Tuimbe mwingine," Tomos alinong'ona.

"Upi?" Ifan aliuliza.

"Si... wowote."

"Taja mmoja."

Tomos akafikiri. "Kuna ule wa redioni."

Mzee Elis akageuza kichwa polepole na kumtazama mwanawe. Ghafla Tomos akapata hamu kubwa ya kusoma kitabu cha sala.

Kichwa cha mzee hakikuishia hapo. Kiliendelea kugeuka, mpaka kikafika benchi la nyuma.

"Ni wewe," alimwambia Mererid.

"Mimi nini, Babu?"

"Umempa wimbo wetu."

"Sikumpa!"

"Kila Alhamisi huonekani nyumbani. Hannah wa kinu amekuona darajani, wewe na huyo Lyster, mnacheka."

"Namfundisha Kiwelisi, Babu. Ndiyo, anachekesha, hawezi kutamka hata jina la kijiji. Lakini wimbo sikumfundisha."

"Wimbo ule haujaandikwa popote. Uko ndani ya vichwa vinne. Mimi sikuutoa. Hawa wawili hawana akili ya kuutoa." Ifan na Tomos hawakubisha. "Umebaki wewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Tukitoka hapa, nenda kakusanye vitu vyako. Jumba lile lina vyumba thelathini, hawatakunyima kimoja."

Akageuka mbele. Ameshasema.

Angekuwa mwizi ni mtu mwingine, labda mzee angepoa kabla ya chai. Lakini Lyster! Zamani kijiji cha Llangadwy kilikuwa mbele ya Plas, palepale kwenye majani yale mazuri. Babu yake babu yake Gethin akaamka siku moja akaona watu wanamziba asione ziwa. Akakihamisha kijiji chote, nyumba baada ya nyumba, ng'ambo ya mto, kama mtu anayesogeza kabati. Kanisa tu ndilo lililomshinda, kwa sababu askofu alikuwa mkaidi kuliko yeye. Ndiyo maana mpaka leo watu wa Llangadwy wanavuka daraja kwenda kusali katikati ya bustani ya mtu.

Hendre peke yao walikataa kuhama. Bwana mkubwa akapanda mstari wa misonobari asiuone moshi wao. Hendre nao wakahamishia banda la nguruwe upande upepo unakotokea. Hiyo ndiyo historia ya kijiji na Plas yake. Mengine yote ni tarehe.

Mererid aliitazama migongo mitatu iliyokuwa mbele yake na machozi yakamlenga. Alizaliwa Hendre. Hakuwa na mahali pengine duniani pa kuita kwao, na hakupataka. Alikuwa amebakiwa na muda mfupi wa kujiokoa, nao ulikuwa unakwisha, kwani familia ya kinu walikuwa wamesimama tayari, baba na binti zake watatu, na baada yao zilibaki familia mbili tu.

Kina kinu walipofika kwa Nuhu na safina, Mererid aliinuka, akapita kando ya ukuta, akamkonyeza Gethin, na wote wawili wakatokea kwenye kibaraza cha mlangoni. Baridi iliwapokea kwa makofi.

"Mwalimu!" Gethin alikuwa anang'aa kwa furaha. "Umesikia matamshi? Umesikia zile sauti za kooni? Sikukosea hata moja!"

"Mwendawazimu wewe! Umeiba wimbo wetu!"

"Nimeiba nini?"

"Wimbo wa Hendre. Ni wetu. Babu hana mwingine."

"Lakini... ndio wimbo pekee wa Kiwelisi ninaoujua toka nikiwa kitandani na chupa ya maziwa. Nilidhani utafurahi."

"Nimefurahi mno. Nimefukuzwa nyumbani."

Gethin akaacha kung'aa.

"Nani alikufundisha?" Mererid aliuliza.

"Nimeapa nisiseme."

"Gethin."

"Nimeapa kwa Biblia, Mererid!"

"Vizuri. Basi nenda kanitandikie, maana babu ameshanigawia chumba kwenu."

Gethin alijikuna sikio. Alikuwa kijana mwaminifu, lakini uaminifu wake ulikuwa haujawahi kukutana na macho ya Mererid yakiwa na machozi. Ulikaa kidogo, kisha ukatoroka.

"Yaya wangu," alisema. "Aliyenilea. Nest."

"Nest yupi?"

"Nest wa Hendre. Ni wa kwenu."

"Muongo! Nest wa Hendre ni dada yake babu. Alikufa Liverpool kabla mimi sijazaliwa."

"Basi marehemu jana asubuhi alikula mayai mawili na akasema chai yetu ni maji ya kuoshea vikombe."

Mererid alishika ukuta. "Yuko wapi?"

"Kizimbani. Tulimwingiza mapema, kabla watu hawajafika."

Kizimba ndilo jina ambalo kijiji kililipa benchi la Plas. Lilikuwa limezungushiwa mbao ndefu kuliko mtu, na mlango wake, kwa sababu Lyster mmoja wa zamani hakupenda watu wamwone anavyokoroma wakati wa mahubiri. Hapakuwa na mtu wa Hendre aliyewahi kukanyaga humo. Wengine walisema heri kukanyaga mbigili.

Mererid alirudi ndani wakati mbaya kuliko wakati wowote. Kina kinu walikuwa wamemaliza na familia iliyofuata haijasimama. Katika kimya kile alipita katikati ya kanisa, viatu vyake vikilia juu ya mawe, akafika kwenye kizimba cha Plas, akafungua mlango, akaingia.

Hannah wa kinu alikohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua.

Ndani alikuwamo bibi kizee mwenye kofia nyeusi, miguu juu ya chupa ya maji moto, anafyonza peremende.

"Funga mlango, unaniingizia baridi."

"Wewe ndiye Nest?"

"Na wewe una kidevu cha Elis, pole sana mwanangu. Kaa. Utakula peremende?"

Mererid alikaa. Ikamtoka tu: "Lakini ulikufa."

"Nimesikia. Nilikufa na nini?"

"Mapafu."

"Mapafu!" Bibi alikasirika kwelikweli. "Mimi sijakohoa toka nizaliwe. Angenipa kifo cha maana basi, nikagongwa na tramu. Na kwa nini Liverpool?"

"Sijui, Bibi."

"Mimi najua. Mbali. Hakuna mtu angeenda kutafuta kaburi."

Nje ya mbao zile familia ya Ty Newydd, wanaume sita wanene, walianza kuunguruma kuhusu nyota ya Bethlehemu. Bibi Nest alisogea karibu.

"Sikiliza. Wimbo ule baba alitufundisha sote wawili, na aliyekuwa akianzisha ni mimi. Elis alikuwa anashika nyuma yangu kama mkia. Baba alipokufa, mwenzangu akaota mabega. Eti Hendre wanawake hawasimami mbele. Familia nyingine zote wanawake wanasimama! Kina kinu hapo wana binti watatu, mmoja haimbi hata vizuri. Nikamwambia, Elis, mimi nitasimama. Akasema, ukisimama usirudi nyumbani. Basi sikurudi. Plas walikuwa wanatafuta yaya wa kwenda naye Uingereza. Miaka arobaini hiyo, nalea vitoto vya Lyster, na kila kitoto nakilaza na wimbo wa Hendre."

"Na leo ukamtuma Gethin."

"Nilimwambia asimame mapema. Nilijua Elis atangoja mwisho." Alicheka kimya kimya, mabega yakitingishika. "Kila kitu chake kimeota mvi, kiburi hakijaota hata unywele mmoja."

"Umemkomoa kweli, Bibi," Mererid alisema. "Ila anayefukuzwa ni mimi."

Peremende ikasimama shavuni.

"Wewe? Kwa lipi?"

"Anasema mimi ndiye niliyeutoa wimbo. Nikitoka hapa nikakusanye vitu vyangu."

Bibi Nest hakucheka tena. Aliushika mkono wa Mererid kwa mikono yake miwili iliyokuwa baridi, na kwa muda alionekana mwenye umri wake wote.

"Hilo sikulitaka," alisema. "Nilitaka yeye aumie, siyo mwingine afukuzwe. Mimi najua kuondoka kwenye nyumba ile kulivyo. Mungu anisamehe."

"Atakusamehe, Bibi, lakini tufanye nini? Imebaki familia moja."

Bibi alifuta pua. Alifikiri. Kisha akaanza kuvumisha kitu puani, chini kabisa, kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

Mererid alikodoa macho. "Huo! Huo ndio babu anaowaimbia ng'ombe!"

"Anawaimbia nani?"

"Ng'ombe. Akikamua. Kila siku. Hauna maneno."

"Maneno unayo! Huo ni wimbo wa mama yetu. Hendre ina nyimbo mbili, alikudanganya nani? Ila huo unataka sauti ya mwanamke juu, wanaume watatu chini. Ndiyo maana akauficha zizini. Loo, Elis! Wimbo wa mama!" Alimvuta Mererid sikio. "Njoo hapa. Una kichwa kizuri?"

"Kibovu kwa hesabu tu."

"Hii siyo hesabu."

Ty Newydd waliendelea kuunguruma, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kijiji watu wawili wakashukuru kwamba wanaume wale hawajui kufupisha. Mamajusi walipokuwa wakipanda ngamia, Mererid alikuwa na ubeti wa kwanza. Walipofika kwa Herode, alikuwa na wa pili. Walipotoa zawadi zao moja moja, kwa maelezo marefu, alikuwa nao wote.

"Nenda kamwambie," Bibi alisema.

Mererid akatoka kizimbani, akavuka kanisa kwa mara ya pili huku macho yote yakimfuata, akainama nyuma ya babu yake. Wazee wawili wa mlimani, ndugu, walikuwa wamesimama sasa. Hao ndio waliokuwa wa mwisho.

"Babu. Nest yuko kizimbani."

Shingo nyekundu ikawa nyeupe.

"Nest amekufa."

"Anasema mapafu ni matusi."

"Shangazi Nest?" Tomos aliruka kidogo kwenye benchi. "Tulimfanyia matanga! Nilikula biskuti!"

"Nyamaza, Tomos."

"Ndiye aliyemlea Gethin, Babu. Ndiye aliyemfundisha. Mimi simo."

Mzee Elis aligeuka kukitazama kizimba. Akaweka mkono mmoja juu ya mwingine gotini.

"Anasema Hendre ina wimbo wa pili," Mererid aliendelea. "Wa mama yenu."

"Haupo."

"Ule wa ng'ombe."

Ndugu wa mlimani walifika kwa wachungaji makondeni.

"Ng'ombe wanaupenda," alisema mzee hatimaye.

"Na sisi tungeupenda. Simameni muuimbe."

"Unataka mwanamke."

"Mwanamke yupo."

"Mimi sisimami na maiti," alisema Mzee Elis, akafumba mdomo kama mfuko uliovutwa kamba.

Ndugu wa mlimani wakamaliza. Wakakaa.

Kimya kikaingia, kile kimya cha Plygain ambacho kila mtu anajua cha kufanya nacho: kungoja. Kasisi Parry aliwatazama Hendre. Kanisa zima likawatazama Hendre. Baada ya hapa kulikuwa na wimbo mmoja wa kufunga, nao huimbwa na wote walioimba asubuhi hiyo, wamejazana mbele bega kwa bega. Asiyeimba hubaki kwenye benchi na watoto. Tangu Llangadwy iwe Llangadwy hakuna mwanamume wa Hendre aliyebaki kwenye benchi.

Kimya kikarefuka. Mtu alikohoa, safari hii kwa haki. Mmoja wa Ty Newydd alianza kunyanyuka aende mbele, mkewe akamrudisha kwa koti.

Mererid aliiona mikono ya babu yake, bado mmoja juu ya mwingine. Alikuwa na hasira naye kiasi cha kulia, na alimwonea huruma kiasi hicho hicho, na hakujua afanye nini na vyote viwili.

Mlango wa kizimba ukalia.

Ilitoka fimbo kwanza, halafu kofia, halafu mwenyewe. Bibi Nest alikuja katikati ya kanisa taratibu, kama mtu anayekagua nyumba aliyoipangisha.

"Mungu wangu wee!" Hannah wa kinu alisahau kunong'ona. "Mama yangu ndiye aliyeoka keki ya matanga yake!"

"Alitia zabibu chache, namjua," Bibi Nest alisema bila kusimama. Akafika kwenye benchi la Hendre. "Sogea, Elis."

Elis hakusogea. Lakini alimtazama, na kila aliyekuwa karibu aliona midomo yake ikitafuta neno.

"Umezeeka," alilipata.

"Na wewe umenona."

"Umenitia aibu mbele ya watu."

"Wewe ulinizika mbele yao. Tusipimane."

"Mzee Elis?" Kasisi Parry aliita kwa upole kutoka mbele. Kasisi huyu ana sikio moja tu linalofanya kazi, na siku hiyo alikuwa ameligeuzia upande mwingine. "Hendre mtaimba?"

"Umerudi kwa jambo lile lile," Elis alimwambia dada yake. "Miaka arobaini mizima! Bado unataka kusimama mbele."

"Sitaki. Siwezi." Bibi Nest akafungua kinywa akajaribu kuimba noti moja tu. Mtoto mdogo wa benchi la pili akacheka, mama yake akamfinya. "Umesikia? Imekwenda, Elis. Niliimaliza kwa watoto wa watu. Nimebaki na maneno. Sauti ya mama imekaa hapo nyuma yako, na wewe unataka kuifukuza kama ulivyoifukuza yangu."

Watu wote wakageuka kumtazama Mererid. Mererid alitamani sakafu ifunguke.

Mzee Elis aligeuka mwisho wa wote.

"Mererid."

"Abee, Babu."

"Si wewe uliyeutoa."

"Nilikwambia."

"Nimesikia sasa." Alimeza mate. "Huu wa mama, unaujua?"

"Nimelala ukuta mmoja na zizi maisha yangu yote. Na maneno nimepewa sasa hivi."

Mzee akashusha pumzi. Neno lililofuata lilikuwa dogo, lakini lilimchukua muda mrefu kulitoa, kama mtu anayeng'oa msumari wa zamani kwenye ubao mzuri.

"Njoo."

Ifan akasimama. Tomos akasimama. Mererid hakusimama.

"Nitakuja," alisema. "Ila leo Bibi Nest anakula chakula cha mchana kwetu."

Kanisa likawa sikio moja.

"Hapa si mahali pa kupatana bei!" Elis alifoka kwa mnong'ono.

"Ndipo penyewe. Nyumbani utakataa."

"Ana kidevu chako," Bibi Nest alimwambia kaka yake.

Mzee Elis alitazama dari. Akatazama sakafu. Akamtazama kasisi, ambaye alimjibu kwa tabasamu la mtu asiyejua kinachoendelea. Hakuna aliyemsaidia.

"Kiti chake kipo," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo sana.

"Kiti gani?" Tomos aliuliza. "Kile kibovu?"

Pale jikoni Hendre, kando ya kabati la sahani, kulikuwa na kiti ambacho mzee alimkataza kila mtu asikikalie. Alisema kimevunjika mguu, kitamwangusha mtu. Kila Jumamosi alikipangusa mwenyewe. Mererid alikikalia mara moja, kwa siri, akiwa na miaka saba. Miguu yote minne ilikuwa mizima, na yeye alikwenda kulala akishangaa kwa nini babu aseme uongo juu ya kiti.

Alimtazama babu yake sasa, yule mzee mkaidi na kola yake inayombana. Alifikiri hataweza kuimba hata neno moja. Akasimama.

Wakaenda mbele, wanaume watatu na msichana mmoja, na Bibi Nest nyuma yao na fimbo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia akae. Gethin alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, akitabasamu kama aliyepanga yote hayo mwenyewe. Wakajipanga. Mererid akasimama katikati, mahali ambapo hakuna mwanamke wa Hendre aliyesimama kwa miaka arobaini.

Mzee Elis akavuta pumzi, akawapa noti, chini na taratibu.

Ndipo Bibi Nest akainama kwenye sikio lake.

"Kiti kimoja hakitoshi, Elis," alisema. "Sikuondoka Hendre peke yangu."

Noti ikamfia mzee mdomoni. Ifan na Tomos wakatazamana. Mererid alibaki na kinywa wazi, hewa yote ya wimbo ikiwa kifuani, asijue aitoe au aimeze.

Na Kasisi Parry, ambaye hakuwa amesikia hata neno, aliinua mkono kwa furaha na kuwaomba waanze.